Naomba ushauri: baruti ya risasi nyepesi za .38 Special

Wanajamvi, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojaza risasi wenyewe kwa kibali.

Ninatafuta mzigo mwepesi (kipimo kidogo cha baruti) wa shabaha kwa rivolva ya .38 Special, kichwa cha madini ya risasi matupu cha greni 158 (kama gramu 10). Shida ni ganda lenyewe: .38 Special ilizaliwa zama za baruti nyeusi, kwa hiyo tumbo lake ni kubwa. Baruti ya kuungua haraka kama Bullseye hukaa chini kabisa, na ikimiminwa mara mbili kwa bahati mbaya bado inaenea bila kumwagika. Hapo silinda huweza kupasuka. Tena baruti kidogo huhamahama; mtutu ukiinamishwa kabla ya kufyatua, baruti hulala mbele, mbali na fataki (kiwashio kilicho kitako cha ganda), na kipima mwendo kinaonyesha kasi imeshuka waziwazi.

Nimebaki ndani ya jedwali la vipimo la mtengenezaji wa baruti, kamwe si chini ya kipimo cha kuanzia, maana risasi ikikwama mtutuni ile inayofuata huuharibu. Maganda yote nayasimamisha kwenye kibao na kuyamulika kwa tochi, nione kama kuna lililojazwa mara mbili, kabla ya kuweka vichwa. Baruti ya Trail Boss, yenye punje za umbo la pete, ingejaza ganda vizuri, ila imeadimika sana.

Maswali yangu:

Ni baruti gani nyingine yenye ujazo mkubwa, na yenye jedwali rasmi kwa kichwa hiki?

Je, kukaza zaidi mkunjo wa mdomo wa ganda kutatuliza kasi, au kutaminya tu kichwa hiki laini na kuharibu shabaha?