Kupima famwea ya mashine pepe: kompyuta ya mtumba, bodi za ARM au seva ya kukodi?

Kijana_Section58
Wadau, habari za jioni. Niko Nakuru, ofisi ndogo ya watu watano. Tunajenga famwea (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Linux au Windows) ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine. Tunaitoa kwenye EDK II, msimbo huria wa famwea za kisasa za UEFI, tumeongezea vitu vyetu kidogo. Mpimaji ni mimi: nawasha QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, naikodolea skrini macho, nikiona nembo nazima, nawasha nyingine. Nimechoka. Sasa bosi ametenga elfu sitini na anataka jibu kufikia Ijumaa. Ninunue kompyuta ya mtumba niiweke hapa ofisini, au bodi kadhaa za Raspberry Pi, au nikodi seva? Nataka mtu akipandisha msimbo mpya, majaribio yajiendeshe yenyewe kwenye majukwaa yote. Ushauri tafadhali.

Mzee_wa_Siriali
Majukwaa ya nani, mwenyeji (kompyuta halisi) au mgeni (mashine pepe iliyo ndani yake)? Linux, Windows na Mac ni mambo ya mwenyeji. x86 na ARM, aina za prosesa, ni mambo ya mgeni. Na Secure Boot, ulinzi unaokataa kuwasha programu isiyo na saini inayoaminika, hujaitaja. Unatuuliza bei ya gunia bila kusema ni la mahindi au la makaa.

BintiMaseno
Na stima ya hapo kwenu ikoje? Hiyo elfu sitini ni ya mara moja au ya kila mwezi?

Kaptula_Kondele
Mnamhoji kijana kama yuko kituo cha polisi. Nunua mtumba, maliza. Mimi yangu niliichukua hapa Kisumu kwa elfu kumi na tisa, nikaongeza RAM ikafika GB 32. Kwa KVM, ya Linux, inayomwendesha mgeni moja kwa moja kwenye prosesa, OVMF (famwea ya EDK II ya mashine pepe za x86) inafika kwenye Shell ya UEFI, sehemu ya kuandika amri, kabla hujameza chai. Unaweka startup.nsh kwenye diski ndogo ya FAT, inaendesha amri zako, inaizima mashine, skripti inasoma matokeo. Hizo bodi ni za watoto wa shule.

Fundi_Kakamega
Kaptula, hapo kwa bodi umeteleza. Ukipima famwea ya ARM juu ya x86, QEMU inaigiza kila amri kwa TCG. Kazi inaenda, polepole tu, lakini kashe ya prosesa (kumbukumbu yake ndogo ya haraka) haiigizwi. Sisi tulikuwa na picha safi kabisa ya VGA, kadi ya picha ya mtindo wa zamani, kwenye TCG. Tukampeleka mgeni yule yule kwenye bodi ya ARM yenye KVM, skrini ikawa uji. Kumbe mgeni anaandika kumbukumbu ya picha bila kupitia kashe, na QEMU upande wa mwenyeji inaisoma kupitia kashe. Kila mmoja anaona yake. Ndiyo sababu kwenye ARM watu wamekimbilia virtio-gpu, kadi ya picha iliyobuniwa kwa mashine pepe. Kwa mtumba wako wa x86 hilo hungeliona hata ukeshe mwaka mzima.

Kaptula_Kondele
Sawa, lakini ni wateja wangapi wa Nakuru wanaotumia ARM?

Fundi_Kakamega
Nani kasema wateja wake wako Nakuru?

Kijana_Section58
Samahani, nilikuwa kwenye matatu. Mgeni: x86 na ARM ya biti 64. Mwenyeji: Linux hasa, ila wawili kati yetu wana Mac za M1 na mmoja ana Windows. Secure Boot imo, bosi ameshamwahidi mteja. Pesa ni ya mara moja. Stima, tuseme inatutembelea.

BintiMaseno
Ungeanza na hayo, ndugu yangu. Seva ya kukodi ifute basi, pesa ya mara moja hailipi deni la kila mwezi. Kwa Secure Boot upande wa x86, tumia mashine ya q35 (aina mojawapo ya mashine za QEMU) na SMM, hali ya prosesa inayolinda data ya famwea, iwe imewashwa. Na OVMF_VARS.fd, nakala mpya kwa kila jaribio! Hilo ndilo daftari la famwea: mpangilio wa kuwaka, funguo, vyote vinaandikwa humo. Majaribio mawili yakitumia daftari moja, la pili linarithi uchafu wa la kwanza, na utatafuta kosa ambalo halipo. Tengeneza nakala mbili za VARS, moja yenye vyeti vya Microsoft vya 2011 na nyingine ya vile vya 2023, kwa sababu vya zamani muda wake unakatika 2026.

Halafu hizo Mac mmezikalia tu. QEMU kwenye M1 inatumia HVF, ndiyo KVM ya Mac, mgeni wa ARM anakimbia vizuri bila kununua kitu.

Fundi_Kakamega
Mac ya mtu si seva, dada. Saa kumi na moja anaifunga anaenda nayo nyumbani, na majaribio yako humo ndani.

Mzee_wa_Siriali
Nyote mnabishania chuma. Ngoja niwasimulie.

Kuna kampuni nilifanyia kazi ya mkataba, jina tuliache. Nikawatengenezea majaribio ya OVMF, kila usiku saa nane yanaenda yenyewe, asubuhi nakuta kijani kitupu. Nikawa naringa. Siku ya kumi na tisa mteja anapiga simu: mashine pepe hazifiki popote, skrini nyeusi. Nikamjibu haiwezekani, jana usiku zimepita zote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, mimi ninaitazama hapa."

Nikatafuta siku nzima. Jioni ndiyo nikaona. Tulikuwa tumebadilisha jina la kikompaila kwenye ujenzi, kutoka GCC5 kuwa GCC, kwa hiyo folda ya DEBUG_GCC5 ikawa DEBUG_GCC. Skripti yangu ilikuwa na wema wa kijinga: isipoikuta famwea mpya, ichukue ile ya mfumo iliyoko /usr/share/OVMF. Niliiandikia hivyo ili isinisumbue siku za mwanzo, nikasahau. Kwa siku kumi na tisa nilikuwa napima kazi ya watu wengine, na kazi yao ni nzuri, kwa nini isipite? Yetu haikuwa imeguswa hata mara moja.

Siku hizi jaribio la kwanza ni famwea niliyoivunja makusudi. Hiyo ikipita, kila kitu kinasimama na napigiwa kelele. La pili, nasoma toleo kwenye logi ya bandari 0x402, ambako OVMF inaandika ujumbe wake, na kulilinganisha na nililojenga saa ile. Nunua chuma chochote, kijana, mradi uanze na hayo mawili.

Omena_na_Sima
Pole mzee. Mimi niulize la pembeni: si mngetumia tu SeaBIOS, famwea ya mtindo wa zamani wa BIOS? Ndogo, inawaka haraka, na ukiiwasha QEMU ya x86 bila kusema lolote ndiyo inayokuja.

BintiMaseno
Secure Boot utaiweka wapi kwenye SeaBIOS? Na kwenye ARM je?

Omena_na_Sima
Si kila mtu anahitaji Secure Boot. Mashine zangu ni za BIOS ya zamani na hazijawahi kunisumbua.

Kaptula_Kondele
Huyu bado anachaji simu kwa betri ya gari. Mzee, mgeni akikwama katikati ya jaribio unamvumilia muda gani?

Mzee_wa_Siriali
Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Kwangu KVM ni sekunde tisini, TCG dakika kumi, kisha naua, logi inabaki. Usiipe TCG sekunde za KVM, utaua wageni wasio na hatia.

Kijana_Section58
Asante sana mzee, hilo la famwea ya kuvunja sikuwahi kulifikiria. Kwa hiyo ni mtumba pamoja na bodi moja ya ARM?

Fundi_Kakamega
Bodi mbili. Moja itakufa.

Kaptula_Kondele
Mtumba na UPS (betri ya akiba). Bodi utanunua mwakani.

BintiMaseno
UPS kwanza, mimi nasema. Stima ikikatika diski ikiwa inaandikwa, hata hiyo kijani ya mzee hutaiona. Na iwe inaiarifu kompyuta ijizime vizuri, si ile ya kupiga kelele tu.

Omena_na_Sima
Ya kelele ndiyo ninayo. Mtoto akiisikia anakimbia kutafuta mshumaa.

Kijana_Section58
Kaptula, duka lako la elfu kumi na tisa liko upande gani? Naweza kupanda matatu ya kupitia Kericho nije mwenyewe.

Kaptula_Kondele
Si duka, ni jamaa. Jumapili anakuwa Kibuye, siku ya soko. Njoo na flashi yenye Linux uijaribu KVM papo hapo, usikubali maneno.

BintiMaseno
Bosi wake anataka jibu Ijumaa.

Kaptula_Kondele
Amwambie stima ilipotea.