Dar hadi Matema kwa Hiace ya kulala ndani: tule wapi, tulale wapi?

Kifaru wa Kinyerezi:
Wakuu, habari za majukumu. Mwezi wa sita shule zikifungwa tunamrudisha mama mkwe kwao Kyela, na safari hii hatupandi basi. Nina Hiace ya petroli. Nimetoa viti vya nyuma, fundi kanitengenezea kitanda cha mbao chenye droo chini, kuna jiko la gesi la mtungi mdogo, deli la barafu, madumu ya maji na taa za sola. Choo na bafu hamna.

Tuko mimi, mama watoto, watoto wawili (mmoja darasa la tatu, mwingine bado chekechea) na bibi yao. Hela ya lodge kila usiku sina, ndiyo maana nikahangaika na gari. Naomba kujua: tuegeshe wapi usiku penye usalama, choo na maji ya kuoga? Na chakula je? Bibi hali chips, na mimi chakula cha kule wanakosimama mabasi kimenichosha, wali wa jana kwa bei ya harusi. Tunataka tupumzike Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, siku kadhaa kabla ya kumfikisha nyumbani. Karibuni, hata wa kejeli waje.

Suka Mstaafu:
Mkuu, njia hiyo nimekula nayo mkate miaka mingi, lori la Tunduma. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, Iringa hadi Mbeya nyingine 330 hivi, halafu Uyole unakata kushuka Tukuyu. Ukiwa na watoto na mtu mzima, hiyo si safari ya siku moja wala usijaribu.

Toka saa kumi alfajiri. Malori yakishaamka Kibaha na Mlandizi utasota na watoto wataanza kuuliza "tumefika?" kabla hata ya Chalinze. Chai nyweni Chalinze, Morogoro watoto wanyooshe miguu, kisha mvuke hifadhi ya Mikumi mchana. Barabara kuu inakatiza humo kilomita 50 hivi, na kupita tu hulipii. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na askari wa tochi wanajua hilo kuliko wewe. Kuna faini za kugonga wanyama, zimeandikwa kwa dola. Ukigonga twiga hiyo Hiace haitoshi.

Mkishavuka mnakuta mji wa Mikumi, jua bado liko juu. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya: "tusukume hadi Iringa". Laleni Mikumi. Sababu ni mlima Kitonga.

Ukitokea Dar, Kitonga unaupanda. Kona kali, huku mwamba, huku korongo, na lori likifia kwenye kona foleni yake huijui mwisho. Chini yake ni Ruaha Mbuyuni, bonde la mibuyu, na mchana kule joto halina huruma. Gari lenye mzigo likianza kupanda limeshachemka. Lala Mikumi, ondoka alfajiri, Kitonga uupande injini ikiwa bado na akili. Lori likitambaa mbele yako kwenye kona, tambaa nalo.

Wakati wa kurudi ndio wa kuogopa zaidi. Shuka na gia ileile ambayo ungeipandia. Breki ziguse, usizilalie.

Mama Kempu:
Karibu kwenye chama. Sisi tuna hema la juu ya gari, ila mahitaji ni yaleyale.

Mikumi mjini kuna Tan-Swiss, wana eneo la kupiga kambi, mabafu na mgahawa, na ni kandokando ya barabara kuu, hamtapotea. Pale unalipia kwa kichwa, si kwa chumba, kwa hiyo ulizeni na bei ya watoto kabla hamjaegesha.

Usiku wa pili usilale Iringa mjini. Ipite, nenda kama kilomita 50 kuelekea Mafinga, utaona kibao cha Kisolanza. Ni shamba la zamani la familia moja, wana kambi inayojulikana na kila mtu anayesafiri kwa gari kutoka Cape Town hadi Nairobi. Mahema na magari yana sehemu yake, maji ya moto yapo, na wanauza nyama na mboga za shambani kwao. Nunua hapo, pika hapo. Usipotaka kupika wana chakula, ila waambie mapema, si unafika saa mbili usiku unaagiza wali.

Sasa nisikilize kuhusu baridi. Mwezi wa sita ukanda wa Mafinga na Makambako si mchezo, na mtu wa Kinyerezi hajui baridi. Kwenye gari baridi inatokea chini, kwenye bati. Tandika mkeka mnene au sponji chini ya godoro, kila mtoto awe na blanketi lake, soksi, kofia ya sufu. Na tafadhali, tafadhali, msiwashe jiko la mkaa wala la gesi ndani ya gari eti mpate joto mkiwa mmefunga vioo. Watu wanalala wasiamke. Madirisha mawili yaachwe wazi kidogo, yawe na wavu wa mbu.

Ukitaka kambi kabla ya Iringa mjini, ipo Riverside, kando ya mto Ruaha Mdogo, unaikuta ukitokea Moro. Nzuri kwa watoto.

Mtu wa Pwani:
Nimesoma uzi mara mbili. Kitanda kimoja. Wewe, mke, watoto wawili NA MAMA MKWE. Mkuu, umewaza kweli au umekimbilia kununua deli?

Kifaru wa Kinyerezi:
😂 Nimewaza bwana. Nilipanga mimi nilale kiti cha mbele.

Binti wa Tukuyu:
Kiti cha mbele, pazia liko wapi? Kaka yangu, mimi ni wa kule kwa mkweo. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mbali. Zamani mkwe wa kike hata njia moja na baba mkwe wake hakupita, alijificha. Kwa mama mkwe na mume wa binti si kali hivyo, lakini akuone asubuhi umevaa bukta unapiga mswaki kwenye bampa? Bibi hatasema neno. Atasema akifika Kyela, na ukoo mzima utasikia.

Nunua hema dogo la watu wawili, wewe na dogo wa darasa la tatu mlale nje, yeye atafurahi kuliko wote. Gari waachie wanawake na mdogo. Au hizo kambi zina vibanda na vyumba vya bei nafuu, bibi mchukulie chumba, kula hasara kwa ajili ya amani.

Mama Kempu:
Naunga mkono. Na mtu wa umri ule usiku ataamka kwenda chooni. Mkiegesha, egesheni karibu na choo, na tochi awe nayo mkononi.

Mpenda Supu:
Nije kwenye msosi sasa maana mnaongelea kulala tu.

Mkuu uko sahihi kuhusu vituo vya mabasi. Basi lina dakika chache, abiria hana pa kwenda, kwa hiyo mpishi hana sababu ya kujituma. Wewe una gari lako, una uhuru. Kanuni yangu: angalia malori yameegesha wapi mchana. Dereva wa lori anapita palepale kila wiki, akilishwa vibaya harudi. Hapo utapata ugali, nyama ya kuchemsha, mboga ya majani ya asubuhi hiyo, maharage yaliyoiva. Bibi atakula.

Asubuhi tafuta supu, ila kabla ya saa tatu. Baada ya hapo wanaongeza maji. Chapati uliza kama zinapikwa au zimepikwa.

Vitu vya kununua njiani: Ruaha Mbuyuni ni vitunguu, wamepanga barabarani mifuko kwa mifuko. Ilula, ukishamaliza Kitonga, ni nyanya. Mkifika Kisolanza mna mchuzi tayari, mnahitaji nyama tu. Mafinga na Makambako chukueni viazi. Tukuyu msinunue kitu barabarani kabla bibi hajasema, yeye anajua ndizi ipi ya kuchoma na ipi ya kupika, na parachichi za kule zitawafanya muone za Dar zimechacha. Kyela mchele, hilo huhitaji kufundishwa.

Mtu akikusimamisha porini anauza nyama iliyokaushwa kwa bei ya kutupa, endelea na safari. Nyamapori ina bucha zenye kibali. Ya kichakani ni kesi, na kesi yenyewe haina dhamana ya kirahisi.

Iringa mjini mkipata saa moja, kuna mgahawa wa Neema Crafts. Wahudumu ni viziwi, unaandika oda yako kwenye karatasi. Wanangu waliondoka wanajua ishara za "asante" na "keki".

Kijana wa Ubungo:
Mbona mnamtia gharama? Sheli ziko kibao. Weka mafuta ya elfu hamsini, ongea na mlinzi, mpe buku tano, lala. Choo kipo, taa zipo, bure.

Suka Mstaafu:
Kijana, mimi nimelala sheli maisha yangu yote na nakwambia sheli ni ya dereva, si ya familia. Lori zinaunguruma usiku kucha, moshi unaingia kwa watoto, mlinzi wa zamu ya kwanza uliyempa hela si wa zamu ya pili. Na jiko la gesi kwenye sheli unaliwasha wapi? Kama mmekwama, sawa: sheli kubwa yenye watu, egesha chini ya taa, uso wa gari uelekee barabarani. Kama mpango, hapana. Kando ya barabara porini ndiyo kabisa usithubutu.

Kijiji kikiwa karibu kuliko sheli, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au misheni, jitambulishe, omba kuegesha uwanjani. Mwenye gari lenye bibi na watoto hafukuzwi.

Kapteni Coaster:
Naomba nidandie uzi. Mimi nageuza Coaster iwe nyumba. Mizani itanihusu?

Suka Mstaafu:
Gari likifika tani tatu na nusu kwa uzito wake wote linaingia mizani, hata kama umebeba vitanda. Njia hiyo utakutana na Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Uyole. Usiipite ukidhani wewe si lori, faini haibembelezeki. Hiace ya mleta uzi haihusiki.

Kifaru wa Kinyerezi:
Wakuu mmenifungua macho. Nimemsomea mama mkwe, kacheka hadi machozi, kasema hema ni langu na kitanda ni chake, mjadala umefungwa. Maswali mawili: tukichepuka hifadhi ya Ruaha kutoka Iringa inafaa? Na Matema tukifika tunaegesha wapi?

Mama Kempu:
Ruaha ni kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, na sehemu kubwa imekuwa vumbi na makorogesheni, yale mawimbi ya barabara ya udongo. Kiangazi Hiace inafika, lakini ndani ya hifadhi tumbo la gari litakuwa linagusa. Kambi za TANAPA hazina uzio, tembo anapita kati ya magari usiku kama mwenye kiwanja, ambaye ndiye. Mkeo na mimi tungefurahi. Mtoto wa chekechea na bibi anayeamka kwenda chooni, hapana. Siku ukienda, malipo ni kwa namba ya udhibiti, fedha taslimu hawapokei, na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda. Safari hii waonyeshe watoto Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa na iko njiani kwenu: zana za mawe za watu wa kale na yale mawe yaliyosimama kama nguzo. Saa moja na nusu inatosha.

Binti wa Tukuyu:
Matema lami imefika. Kituo cha Walutheri kiko ufukweni kabisa, wana vyumba na wanaruhusu kambi, pigeni simu kabla maana mwezi wa sita vikundi vya makanisa hujaza. Egesha mbali na mchanga laini, Hiace ikizama hapo tutakuja kukusukuma na kukuchangia.

Chakula: samaki ni mbasa, muulize bibi. Nendeni ufukweni asubuhi mitumbwi ikirudi, nunueni wenyewe, chomeni wenyewe. Vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vinauzwa hapo Matema, siku ya soko ni Jumamosi, na chungu kimoja kinatosha kumfurahisha mkweo. Watoto waoge pale wenyeji wanapooga tu. Kwenye midomo ya mito kuna mamba.

Kabla ya kushuka Kyela, Kiwira mnaweza kuchepuka Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili juu ya mto. Ulizeni hali ya barabara siku hiyo, kwetu mvua haiangalii kalenda.

Mpenda Supu:
Kurudi, kama mna siku ya ziada na hutaki kushuka Kitonga, Iringa kamata njia ya Dodoma, ni lami. Katikati ni bwawa la Mtera, samaki wa kukaanga wanauzwa barabarani. Chagua mbichi, akukaangie unaona. Ila pale msilale kando ya maji, viboko wanatoka usiku kula majani. Sukumeni hadi Dodoma.

Kifaru wa Kinyerezi:
Kitonga kimefutwa kwenye ratiba ya kurudi. Kesho naenda kununua hema na sponji. Mwenye kujua duka la hema lisilovuja, pale Kariakoo mtaa gani?

Mama Kempu:
Njoo inbox. Na hema lijaribu kwanza nyuma ya nyumba, limwagie ndoo mbili za maji, kabla halijafika Mafinga.