Data ni mtu au ni mali? Mi nasema jaji alikwepa swali, na alifanya la maana

Haya wakuu, juzi nimeirudia ile episodi ya Star Trek: The Next Generation, ile tamthilia ya TV ya safari za anga za juu, inayoitwa The Measure of a Man, msimu wa pili, 1989, na kila nikiiangalia lazima nibishane na mtu. Kama hujaiona ruka, maana naimwaga yote.

Data ni roboti, tena afisa wa Starfleet, kikosi chao cha anga za juu, mwenye cheo na nishani zake. Anakuja mtaalamu anaitwa Maddox, anataka kumfungua kipande kipande ajue alivyoundwa ili atengeneze wengine kibao. Data anagoma, anajiuzulu, Maddox anasema kwani kompyuta ya meli inajiuzulu? Hiyo ni mali. Basi kesi. Picard, kapteni wa meli yao, anamtetea Data, na Riker, afisa mwenzake na mshkaji wake Data kabisa, anabebeshwa kazi ya kuwa mwendesha mashtaka, akikataa jaji Louvois anahukumu palepale kwamba Data ni mali. (Mgongano wa maslahi wa wazi kabisa lakini tuachane nao.)

Watu wanasifia sana maneno ya Picard, ila mi kipande changu ni cha Riker. Yuko peke yake anapekua michoro ya Data kwenye skrini, anakuta swichi ya kumzimia, uso unachangamka kama mtu kapata jibu la mtihani, halafu tabasamu linafifia lenyewe taratibu maana kashaelewa alichokipata. Hasemi neno. Afu mahakamani anamng'oa Data mkono, anabonyeza, Data anaanguka mbele kama gunia.

Jamaa niliyekuwa naangalia naye akasema kesi imeisha hapo, chenye swichi ni kitu. Nikamwambia na wewe ukichomwa sindano ya usingizi unazimika vilevile na hakuna daktari anayekuandika kabati. Akacheka ila hakukubali, akanirudishia, sasa utasema "amezimwa" au "kimezimwa"? Akanipata kidogo, maana Maddox naye muda wote anamtaja Data kama kitu ("it"), mpaka hukumu ishatoka ndo anamtaja kama mtu ("he"), na jaji anamshtukia. Kwa Kiingereza hapo pana uzito, ila sisi hata mbu "ameniuma" na hajawahi kupewa wakili, kwa hiyo ngeli haitusaidii.

Kilichonigeuza mimi ni Guinan, mhudumu wa baa ya meli, yule anayeigizwa na Whoopi Goldberg. Hamwambii Picard lolote kuhusu roho, anamwambia tu awafikirie akina Data maelfu, wafanyishwe kazi zote ambazo hakuna anayezitaka, na asiwepo wa kuuliza wanajisikiaje. Picard mwenyewe ndo anatamka utumwa. Yaani ishu haikuwa roboti mmoja, ilikuwa ni nani anafaidika tukishakubaliana kwamba ni kitu.

Sasa wanaomponda jaji wanasema kakwepa, eti kasema hajui kama Data ana roho ila apewe uhuru wa kujitafutia jibu mwenyewe. Kakwepa kweli! Lakini ukimwachia roboti asiyestahili umepoteza nini, utafiti wa Maddox unachelewa, ila ukimfungua anayestahili afu ukashindwa kumrudishia alivyokuwa, utamwomba nani msamaha?

Na msiniletee hizi programu za kuchati za siku hizi kwenye kesi ya Data, mi bado hazijanishawishi. Data alikataa kwa sababu zake mwenyewe na akashikilia hapohapo, hizi ukizibana kidogo tu zinageuza kauli na kuomba radhi juu.

Anayesema Data ni chombo anijibu hili. Kesi imeisha, wenzao wanasherehekea, Riker kajitenga kwa aibu, Data anamfuata kumwita, anamwambia bila wewe kukubali kunishtaki ningepoteza, ulijiumiza ili mimi nipone. Chombo gani kinamfuata aliyeking'oa mkono kumwambia asijilaumu?