Re: Siku tatu Tucson na mama kutoka Nakuru: pa kupanda, pa kula

Wa Lanet, Minneapolis:

Wapendwa, habari zenu.

Mama anakuja mwezi wa kumi na moja. Ana miaka 66, ana presha ila tembe zinaidhibiti, na shamba bado analima mwenyewe. Tunataka kumtoa kwenye baridi ya Minnesota siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Tuko watu wazima wanne na watoto wawili, 9 na 13. Tupande kidogo, tule vizuri, tusishinde hotelini. Nyinyi wa Arizona, tuelekezeni: njia zipi, saa ngapi, maji kiasi gani, na chakula wapi?

Wa Mamboleo, Tucson:

Dada, mwezi mmeupatia. Mchana ni nyuzi 24 hivi, usiku inashuka hadi 9 au chini ya hapo, kwa hiyo sweta za asubuhi zisikose.

Kinachowaponza watu wetu hapa ni ukavu zaidi kuliko joto. Aliyezoea Kisumu anajua kwamba jua likikuchapa utalowa jasho, na ukilowa utakumbuka kunywa maji. Tucson jasho linakauka kabla hujaliona. Shati ni kavu, unajiona uko sawa, kumbe umeshapoteza lita nzima. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na hasira zisizo na sababu, hasa kwa watoto. Msingoje kiu.

Hesabu ya Novemba: mtu mzima lita mbili kwa matembezi ya nusu siku, mtoto lita moja na nusu, na galoni nzima ya akiba ibaki kwenye gari. Majira ya joto hesabu ni lita moja kwa kila saa ya kutembea. Maji yakifika nusu, geuzeni, hata kama kilele mnakiona. Halafu maji matupu peke yake hayatoshi kwa safari ndefu; chumvi inaisha mwilini, mtu anaanza kichefuchefu na kupepesuka huku chupa iko mkononi. Bebeni njugu za chumvi, au paketi za ORS mkoroge kama karatasi inavyosema.

Mama aongee na daktari wake kabla ya safari kama tembe zake ni zile zinazokojoza sana. Na dawa zisiachwe garini hata kidogo. Gari lililofungwa juani hupanda joto hata Novemba.

Sasa njia. Jumamosi wekeni Sabino Canyon, ukingoni mwa mji upande wa kaskazini mashariki. Kuegesha gari ni dola 8 kwa siku, na tramu ina tiketi yake. Ndani kuna barabara ya lami ya kilomita 6 hivi, magari ya watu hayaingii, tramu ya umeme inapanda hadi mwisho. Mpandisheni mama kwa tramu, kisha mteremke naye kwa miguu polepole. Yote ni mteremko, na madaraja yanavuka kijito mara kwa mara. Akichoka, tramu ipo. Wenye nguvu wanaweza kushika njia ya Seven Falls upande wa Bear Canyon, kilomita 13 hivi kwenda na kurudi mkianzia kituo cha wageni. Njia hiyo inavuka kijito mara saba juu ya mawe. Kama mvua imenyesha na maji yamefunika mawe, mrudi tu.

Jumapili nendeni Saguaro National Park, upande wa magharibi. Dola 25 kwa gari, na risiti inatumika siku saba. Watu wengi hawajui kwamba mbuga hii ina sehemu mbili na mji mzima uko katikati, karibu saa moja kwa gari kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo msiandike tu jina kwenye ramani ya simu mkaishia mashariki. Magharibi kuna Valley View, kilomita 1.3 kwenda na kurudi, karibu tambarare, na Signal Hill, fupi zaidi, yenye michoro ya wenyeji wa kale iliyochongwa kwenye mawe. Mtoto aliyewahi kupanda mwamba wa Kit Mikayi kule Kisumu atataka kukwea yale mawe. Mkatazeni, ni marufuku.

Mti wenyewe, saguaro, ni kakati, ule wa mikono juu. Mkono wa kwanza huchukua miaka 50 hadi 75 kuota, wakati mwingine zaidi. Kuukata au kuuharibu ni kosa la jinai katika jimbo hili, na "nilitaka picha tu" si utetezi.

Jambo la mwisho, saa. Novemba jua linachomoza karibu saa moja kasorobo na kuzama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Sisi tuliokulia kwenye ikweta tuna saa kichwani inayosema giza ni saa moja. Hapa saa kumi na mbili ni usiku kabisa. Saa tisa alasiri muwe mnarudi, na kila mtu mzima awe na tochi. Tochi ya simu inamaliza betri ambayo mtaihitaji kupiga 911, na ndani ya makorongo mtandao wenyewe ni wa kubahatisha.

Wa Section 58, Nakuru:

Mimi ndiye ninayempakia mama mizigo kutoka huku. Hapendi viatu vya kufunga kamba, yeye ni ndala na viatu vya kanisani. Nimnunulie nini, na afanye mazoezi wapi?

Wa Mamboleo, Tucson:

Kaka, raba zilizofunika vidole, soli ngumu, saizi moja juu ya anayovaa kwa sababu kwenye mteremko vidole vinasukumwa mbele. Kama kamba ni shida, zipo za kubandika. Avivae nyumbani wiki tatu kabla. Sendo na krokisi zikae hotelini: mwiba wa cholla, aina ya kakati wa hapa, unapenya soli laini kama sindano.

Mazoezi: Hyrax Hill iko karibu na Lanet, apande na kushuka taratibu mara mbili au tatu kwa wiki. Hapo hata lami ya Sabino itakuwa rahisi kwake. Kuhusu hewa msiogope. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 na Tucson ni kama 730, kwa hiyo mapafu yake yatawashinda nyinyi wote wa Minnesota. Mahali pekee pa juu ni Mount Lemmon, mita 2,791, karibu sawasawa na Longonot.

Nguo: mikono mirefu, kitambaa chepesi, kofia yenye ukingo mpana. Leso mbili tatu zitamfaa sana, ya shingoni na ya kukalia.

Wa Njoro, Phoenix:

Naongezea ya barabara, kwa sababu wengi wenu mtatua Phoenix ambako ndege ni nyingi. Kutoka hapa hadi Tucson ni kilomita 180 kwa barabara kuu ya I-10, chini ya saa mbili. Kitu kimoja tu cha kukariri: vumbi. Ukuta wa vumbi ukikukuta, usipunguze mwendo ukabaki barabarani. Toka kabisa nje ya lami, simama, zima taa ZOTE pamoja na hazadi, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye pedali ya breki. Sababu ni kwamba dereva wa nyuma haoni kitu, akiona taa nyekundu anadhani ni gari linalotembea, anaifuata, anakugonga.

Hati. Mwenye grini kadi wa miaka 18 na zaidi anatakiwa na sheria kuwa nayo mwilini. Mama awe na pasipoti halisi na chapisho la I-94 (rekodi ya kuingia kwake Marekani), si picha kwenye simu. Tucson iko kama kilomita 100 kutoka mpaka wa Meksiko. Barabara ya I-19 iendayo kusini ina kituo cha ukaguzi cha Border Patrol, askari wa mpaka, kwa magari yanayorudi kaskazini, karibu na Tubac. Hakuna cha kuogopa, mnaulizwa uraia mnaonyesha karatasi. Ila msifike Nogales mkavuka kwa miguu "kununua kitu kidogo" kama visa ya mama ni ya kuingia mara moja.

Mount Lemmon ni kilomita 43 za kona kutoka chini hadi juu. Jazeni tanki mjini, juu hakuna petroli. Huko juu baridi ni ya Molo, jaketi za Minnesota zitapata kazi.

Saa: Arizona haibadilishi saa, iko nyuma ya Kenya kwa saa kumi mwaka mzima. Saa moja asubuhi hapa, nyumbani ni saa kumi na moja jioni. (Wanavajo kaskazini wao hubadilisha, lakini hamfiki huko.)

Wa Nyamira, Mesa:

Mmeongea milima tu, na yeye ameuliza chakula. Tucson ilikuwa mji wa kwanza Marekani kutajwa na UNESCO kuwa Mji wa Mapishi, mwaka 2015, na sababu yake ni mashamba: watu wamelima bonde hilo kwa zaidi ya miaka 4,000.

Cha kula kwanza ni carne asada, nyama ya ng'ombe iliyochomwa kwa makaa ya mesquite. Huo mti ni ukoo mmoja na mathenge ule ule unaolaaniwa Marigat na Baringo nzima. Hapa wanauchomea nyama, na maganda yake matamu wanayasaga unga. Tafuteni mikahawa ya South 12th Avenue na South 4th Avenue. Bei iko chini na mama ataielewa nyama hiyo bila maelezo. Kwenye 12th Avenue ndipo ilipo El Güero Canelo, iliyopata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani, mwaka 2018 kwa hotdogi ya Sonora: soseji iliyozungushiwa bekoni, ndani ya mkate laini, juu maharagwe, nyanya, vitunguu, mayonezi, haradali na pilipili.

Hapo ndipo penye tahadhari kwa Waadventista wenzangu na kwa Waislamu. Bekoni mnaiona, lakini mafuta ya nguruwe hamyaoni. Maharagwe ya kupondwa mara nyingi hukaangwa nayo, na chapati zao za ngano, tortilla, nyingi hukandwa nayo. Usiulize "kuna nguruwe?" maana mhudumu atafikiria nyama na kujibu hapana kwa nia njema. Uliza kwa Kihispania "¿lleva manteca?", yaani ina mafuta ya nguruwe? Akisema ndiyo, omba maharagwe mazima yasiyokaangwa na tortilla za mahindi.

Jioni moja nendeni El Charro mtaa wa Court Avenue, mkahawa wa tangu 1922. Agizeni carne seca: nyama ya ng'ombe yenye ndimu na kitunguu saumu, inaanikwa juani juu ya paa ndani ya wavu, kisha inachambuliwa na kupikwa upya. Wikendi bukuni meza siku kadhaa mapema, la sivyo mtasimama mlangoni na watoto wenye njaa. Menyu haionyeshi kodi, na bakshishi ni asilimia 18 hadi 20. Kundi kubwa angalieni bili vizuri, wakati mwingine bakshishi imeshaingizwa ndani na mtu analipa mara mbili.

Jumapili mkitoka mbugani piteni misheni ya San Xavier, kanisa jeupe lililojengwa kati ya 1783 na 1797 kwenye ardhi ya Watohono O'odham. Ni kabla ya kile kituo cha ukaguzi. Nje wenyeji huuza mkate wa kukaanga kwa moto wa kuni, na maharagwe au asali juu. Mmoja unashibisha watu wawili. Bebeni pesa taslimu.

Wa Lanet, Minneapolis:

Asanteni sana. Binamu anasema tungengoja Julai, hoteli ni nusu bei.

Wa Njoro, Phoenix:

Ni nusu bei kwa sababu hakuna anayeitaka. Julai Tucson ni nyuzi 38 na kuendelea. Phoenix mwaka 2023 tulikaa siku 31 mfululizo kwa nyuzi 43 au zaidi, na siku za onyo la joto kali njia za mlima Camelback hufungwa hadi saa kumi na moja jioni. Julai pia ni mvua za radi za alasiri, na korongo kavu hujaa maji yaliyonyesha mbali ambako hata wingu hamkuliona. Ukizunguka kizuizi cha barabara iliyofurika ukakwama, sheria inaruhusu ulipishwe gharama ya kuokolewa. Binamu akilazimisha, aanze kutembea saa kumi na moja alfajiri, saa mbili awe kivulini, au akae Mount Lemmon.

Wa Mamboleo, Tucson:

Nilisahau kitana. Nunueni kimoja kikubwa cha plastiki, kiwe mfukoni mwa aliye mbele. Cholla hukatika vipande vyenye miiba ya kulabu, kikigusa suruali tu kimeshika. Usikivute kwa mkono, kitahamia mkononi. Ingiza meno ya kitana kati ya kipande na ngozi, hakikisha hakuna mtu mbele yako, kisha kirushe kwa nguvu mara moja. Miiba iliyobaki itolewe kwa kibano. Ile midogo kama nywele ya dungusi kakati haishikiki kwa kibano. Bandika selotepu, vuta, rudia.

Wa Nyamira, Mesa:

Na dada, kabla hamjalipa tiketi: Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya mwisho wa Novemba, kuna mashindano makubwa ya baiskeli, El Tour de Tucson. Barabara nyingi hufungwa na vyumba hupanda bei. Chukueni wikendi ya kwanza au ya pili ya mwezi.