Nikifuata namba, misahafu inaangukia ubao wa chini. Nifanyeje?

UmmuSalma_Arua

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nafundisha Kiswahili na dini kwenye shule ndogo ya Kiislamu huku Arua, na muhula huu nimekabidhiwa maktaba. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja, rafu tatu za mbao na vitabu 743. Nimevihesabu mwenyewe Jumamosi mbili. Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kiluganda, vyote vimechanganyika. Vingi vilikuja kwenye maboksi ya msaada na hakuna daftari la kuonyesha vilifika lini wala vimetoka kwa nani.

Nimeanza kuvipa namba za Dewey, ule mpango wa maktaba unaoipa kila mada namba yake, kwa sababu ndizo nilizozizoea chuoni. Uislamu wote ni 297. Sasa kwa rafu zetu, 297 inaanzia ubao wa chini kabisa, karibu na sakafu. Juzi nilimkuta mtoto wa P.4 (darasa la nne) amesimama pale anatafuta kitabu cha hadithi za wanyama, ncha ya kiatu chake inakaribia kugusa msahafu. Niliitoa misahafu yote saa ileile. Iko mezani kwangu mpaka leo. Nikiipandisha juu, mpango wa namba unavunjika. Nikiirudisha chini, moyo unakataa.

La pili: kwa kufuata herufi za mwandishi, al-Bukhari anakaa A au B? Tuna seti mbili za Sahihi yake, mkusanyo wa hadithi za Mtume, moja niliiweka A, nyingine B. Mwanafunzi wa Thanawi (sekondari ya dini) alikuja kutafuta juzuu ya 4, akaambiwa haipo. Ilikuwepo.

Mkutubi_Mbale

Wa alaykumu s-salaam dada. Ipandishe misahafu leo, usingoje majibu zaidi.

Namba inakwambia kitabu kiwe jirani na kipi, haikulazimishi ubao. Maktaba zote zina vitabu vinavyokaa pembeni: kamusi, atlasi, visivyoazimwa. Vinaandikwa herufi juu ya namba. Wewe andika M kwenye lebo, chini yake 297.122, ambayo ndiyo namba ya Qurani, na uandike hivyohivyo kwenye daftari. Anayeona M anajua aangalie ubao wa juu. Tafsiri za Kiswahili na Kiluganda zenye aya za Kiarabu ndani ziende hukohuko.

Kuhusu Uislamu wote kusongamana kwenye 297, usijilaumu. Dewey alitoa mpango wake Marekani mwaka 1876, na kuanzia 220 mpaka 280 na kitu ni Ukristo mtupu. Dini nyingine zote zikabanwa kwenye 290. Baadhi ya maktaba za nchi za Kiarabu zimeuhamishia Uislamu 210 na kuendelea. Sikushauri, kwa sababu vitabu vingi vya Kiingereza huwa na namba ya Dewey tayari imechapwa nyuma ya ukurasa wa jina, na hiyo inakupunguzia kazi. Igawanye tu 297 yako: 297.2 itikadi, 297.3 ibada, 297.5 akhlaki, 297.63 sira, yaani maisha ya Mtume (s.a.w.). Fiqhi, yaani sheria za dini, itakusumbua, maana Dewey ameipasua: nyingine 297.14, nyingine 340.59 kwenye sheria. Weka zote 297.14. Mtoto wa Idaad (ngazi ya kabla ya Thanawi) hatakwenda kutafuta mlango wa twahara kwenye rafu ya mawakili.

"Al-" haihesabiwi. Kwenye lebo andika herufi tatu za mwanzo za jina: Bukhari ni BUK, Tirmidhi ni TIR. Lakini "Ibn" inabaki: Ibn Majah ni IBN. Ukiiacha "al-" ihesabiwe, nusu ya maktaba itakaa A.

Na mhuri wa maktaba, tafadhali, usigonge juu ya aya. Tafuta karatasi tupu ya mwanzo.

Mwalimu_Bombo

Hajjat, mkutubi amesema vizuri, ila mimi nafundisha P.2 na P.3 na desimali hawaziwezi. Sisi tumezungushia mgongo wa kitabu utepe wa rangi wa mafundi umeme: kijani fiqhi, nyekundu sira, njano lugha. Namba iko kwenye daftari kwa ajili ya mwalimu. Mtoto anarudisha kwa rangi. Vitabu vinarudi mahali pake.

Halafu huo ubao wa chini uuache mtupu kabisa. Mwaka juzi mchwa walipanda kutoka ukutani wakala vitabu vya fiqhi kwa ndani, nje vikaonekana vizima. Nilikishika kimoja, kikabaki jalada mkononi. Vuta rafu zitoke ukutani upana wa kiganja, na kila mguu uuweke ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari.

UmmuSalma_Arua

Allah awalipe. Misahafu iko juu, 61, na M zake. Rangi nimezichukua kwa vitabu vya watoto tu. Idaad na Thanawi watajifunza namba, wanaziweza.

Leo wasichana wanne wa Idaad walinisaidia kubandika lebo. Vitabu vya Kiarabu kama ishirini walivigonga mhuri ukurasa wa mwisho, wakidhani ndio wa kwanza, kwa sababu walifungulia kushoto kama cha Kiingereza. Nimewaonyesha, wakaanza kusoma kila jalada kwa sauti kabla ya kugonga. Pia tumekuta seti moja ya tafsiri ilipangwa kulia kwenda kushoto na nyingine kushoto kwenda kulia. Sasa zote zinaanzia kushoto.

Bado nina boksi la kurasa za misahafu zilizochanika. Sheikh wetu amesema zizikwe mahali safi pasipopitwa na watu, nyuma ya msikiti. Mwalimu wa Bombo, hilo kopo la oili, mguu wa mbao wenyewe hauozi?

Mwalimu_Bombo

Funga kipande cha nailoni kwenye mguu kwanza, ndipo uuingize. Na uongeze oili kila mvua zinapoanza.