Draiva ya kihisi: kmalloc ndani ya spinloki, tupitishe?

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Tunakagua badiliko la draiva ya Linux (programu inayoendesha kifaa) ya kihisi cha unyevu wa udongo, kwa mashamba ya kahawa. Aliyeiandika ameweka kmalloc(GFP_KERNEL), yaani ombi la memori, ndani ya spin_lock_irqsave, yaani akiwa ameshika spinloki (loki ambayo anayeisubiri huzunguka papo hapo bila kulala). Majaribio yote yamepita. Tuikubali?

— Hapana mkuu, irudisheni. GFP_KERNEL inaweza kulala ikisubiri memori, na mwenye spinloki haruhusiwi kulala. Memori ikiwa tele hailali, ndiyo maana mmeona shwari. Ikibana, mashine inaweza kuganda. Ombeni memori kabla ya kufunga loki. GFP_ATOMIC (ombi lisilolala) inaruhusiwa ila hushindwa upesi zaidi, kwa hiyo NULL (jibu la kukosa memori) ikaguliwe. Washeni CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP (chaguo linalonasa kulala pasiporuhusiwa) mrudie jaribio. Kerneli (kiini cha Linux) italalamika hata memori ikiwa tele.

— Tazameni na remove (sehemu inayoitwa draiva ikiondolewa), hapo ndipo wengi hupita haraka. Kama intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza kichakataji) imesajiliwa kwa devm_request_irq na bafa (memori ya kuwekea data kwa muda) inaachiwa kwa kfree ndani ya remove, kuna hatari kubwa: devm (utaratibu wa kerneli wa kuachia wenyewe vitu vya draiva) huachia intarapti baada ya remove kumaliza. Kihisi kikiita katikati hapo, draiva itagusa memori iliyokwisha kuachiwa. Tumieni devm_kzalloc kabla ya devm_request_irq. Devm huachia kinyumenyume, intarapti itatangulia kutoka. Kisha washeni KASAN (kinasa makosa ya memori), mpakie na kuondoa moduli mfululizo huku kihisi kikituma data.

— Asanteni sana. Marekebisho yote kwenye kiraka (faili la mabadiliko ya msimbo) kimoja?

— Viwili, kila kosa na chake. Kama kosa lilishaingia kwenye kerneli, wekeni mstari wa Fixes: wenye herufi 12 za mwanzo za hashi (kitambulisho) ya komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) iliyolileta.