Tembo wa mpakani Enduimet na Amboseli: kumpiga risasi dume mzee ni uhifadhi au biashara tu?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Najua hii mada itawasha moto ila acha tuongee. Kuanzia Septemba 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 tembo dume kadhaa wa Amboseli, ile hifadhi ya Kenya, walivuka mpaka wakaingia Enduimet, eneo la wanyamapori la jamii huku kwetu Longido, wakapigwa na wawindaji wa kitalii, na humo walikuwemo wale wenye pembe ndefu za karibu kugusa chini. Kisheria hakuna kosa, Tanzania uwindaji wa kitalii ruksa, Kenya ndo walipiga marufuku tangu 1977. Lakini kulikuwa na maelewano tangu 1995, baada ya kelele za madume waliouawa kipindi kile, kwamba hao wa mpakani hawaguswi. Karibu miaka 30 imekaa hivyo, sasa kimebadilika nini?

Mimi sio wa kulia kila mnyama akifa, nakula nyama vizuri tu. Ila dume la tembo linaanza kupanda majike kwelikweli likishavuka miaka 35 huko, na jike anabeba mimba miezi 22. Watafiti wa Amboseli wanawafuatilia tangu 1972, kila mtoto wanamjua mama yake, na walichoona ni kwamba hao wazee ndo wanazalisha sana. Kwa hiyo hii hoja ya watetezi wa uwindaji kwamba dume mzee "kazeeka, hana kazi tena" inatoka wapi jamani?

Mkulima, Siha:
Mleta mada samahani, wewe unalala wapi? Maana huku mahindi yakishabeba tunalala shambani na tochi na madebe, tunachoma pilipili na mavi ya ng'ombe mpaka macho yanavimba, na bado asubuhi unakuta heka mbili zimelala. Ukiripoti unasubiri mtu wa kuja kupima, akija shamba limeshaota magugu. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho kuanzia 25,000 kwa heka mpaka 100,000 kutegemea uko mbali kiasi gani na hifadhi, tena mwisho heka tano. Mtu akiuawa ziliweka milioni moja. Mbegu mbolea palizi piga hesabu mwenyewe. Kama kuna mzungu ana dola zake anataka kupiga mmoja na kijiji kikapata darasa, mwacheni apige.

Mkaaji wa Loitokitok:
Pole kwa hayo mahindi boss, huku pia ndovu hawatuonei huruma. Sheria yetu ya 2013 inasema mtu akiuawa familia ilipwe milioni tano za Kenya, kwa karatasi ni tamu, lakini watu wamengojea hiyo pesa miaka na miaka. Tofauti ni hii, pale Kimana, jirani na Amboseli, kuna wenye mashamba wanalipwa kodi ya ardhi ndio waache wanyama wapite, na ndovu mmoja anapigwa picha mwaka huu, mwaka ujao na ule mwingine. Wa risasi analipiwa mara moja basi. Halafu hilo darasa umeliona ama umeambiwa?

Mdau, Arusha:
Wakenya punguzeni kujipiga kifua. Mmezuia uwindaji 1977, mpaka 2016 wanyama wenu wa porini wamepungua kwa wastani wa asilimia 68, utafiti wa hukohuko kwenu. Hiyo si risasi ya mtalii, ni ardhi kukatwa viwanja, waya kila kona, mifugo, ukame. Na sisi tusicheke: 2009 tulihesabu tembo kama 109,000, 2014 wakabaki 43,000 hivi, na Selous, lile pori letu kubwa la kusini, ilikuwa imejaa vitalu vya uwindaji tukaambiwa hela yake ndo inalinda pori. Majangili walipita humohumo.

Mleta mada:
Mkulima nakubali, kule sina shamba. Ila jiulize, yule mwindaji anachagua nini? Anachagua pembe. Hamuulizi mnyama kama ndiye aliyekula mahindi yako juzi. Akishaondoka na pembe zake wale wengine wa usiku bado wako palepale. Mi nasema kama ni biashara basi iwe biashara kweli, mkataba usomwe mkutano wa kijiji, kila mtu ajue kimeingia kiasi gani na nani kachukua. Hapo ntanyamaza hata kama roho inauma.

Mkulima, Siha:
Hapo kwenye mkataba nakuunga mkono, sijawahi kuusikia ukisomwa hata siku moja, na darasa ndugu yangu wa Loitokitok kweli nimeambiwa. Lakini na hao wa kamera nao waje walipie. Tembo ni yuleyule, asubuhi yuko Kimana anapigwa picha, wiki ijayo yuko kwangu. Hiyo kodi ya ardhi mbona yenyewe haivuki mpaka?